Programu Ilifanya Kazi Sawasawa, Ndege Ikaanguka

Leo naweka kando habari za hifadhidata na lugha za programu. Kuna usemi ambao nausikia kila tunapokutana sisi waandishi wa programu, iwe ni kwenye warsha au mkahawani tu, na kila nikiusikia damu hunichemka. Usemi wenyewe ni kwamba ile ndege ya Ethiopian Airlines iliyoanguka tarehe 10 Machi 2019 ikija Nairobi iliangushwa na kosa la programu. Eti mtu fulani huko Marekani alikosea mstari mmoja, hakuna aliyeona, watu 157 wakafa. Kisha wanatikisa vichwa, wanasema "ndiyo maana mimi hupima kazi yangu kabla ya kuitoa", na mazungumzo yanarudi kwenye mpira.

Hapana, jamani. Mstari uliokosewa haukuwepo. Programu ile ilifanya kila ilichoagizwa, kwa wakati wake, bila kuchoka, mpaka mwisho. Waliokufa 32 walikuwa Wakenya, wengi kuliko watu wa taifa lingine lolote kwenye ndege ile, na nadhani sisi wa hapa hasa tunadaiwa maelezo yaliyo bora kuliko "kosa la programu". Maana kama ni kosa, basi dawa ni kuandika kwa uangalifu zaidi. Na kama si kosa, dawa hiyo haitatibu kitu.

Tuanze na istilahi. Mitambo ya elektroniki inayowekwa ndani ya ndege na vyombo vya angani huitwa avioniki. Ni jina moja linalokusanya mengi: redio, rada ya hali ya hewa, vioo vya kuonyesha mwendo na kimo, otopailoti, na tarakilishi zinazosogeza sehemu za mabawa na mkia. Mimi si fundi wa ndege, lakini nikisoma ripoti za ajali huwa nagawa vitu hivi mafungu mawili. Kuna vinavyosema na kuna vinavyotenda. Kipimo cha kimo husema. Kengele ya onyo husema. Otopailoti hutenda. Na kile kilichoitwa MCAS ndani ya Boeing 737 MAX kilikuwa cha kutenda. Shika tofauti hiyo, tutairudia.

Sasa, MCAS ilitoka wapi? Ndege ya 737 iliruka mara ya kwanza mwaka 1967. Ina miguu mifupi, iko karibu na ardhi, na zamani hilo lilikuwa jambo zuri kwa kupakia mizigo. Boeing walipotaka kuipa injini mpya, kubwa na zinazotumia mafuta kidogo, hazikuenea vizuri chini ya bawa. Zikasogezwa mbele na kupandishwa juu kidogo. Matokeo yake, katika hali fulani za nadra, pua ya ndege ilipenda kuinuka zaidi ya ilivyotarajiwa, na usukani ukawa mwepesi mkononi mwa rubani kuliko sheria zinavyoruhusu. Wangeweza kubadilisha umbo la ndege. Wakaamua kuandika programu. (Sisi nasi tunawajua wateja wa namna hiyo. Nyumba imejengwa imepinda, unaambiwa utafute rangi ya kuinyoosha.)

Kulikuwa na pesa pia. Ndege mpya ikifanana vya kutosha na ile ya zamani, rubani hahitaji mafunzo ya simuleta kabla ya kuirusha. Boeing walikuwa wameahidi shirika la Southwest la Marekani punguzo la dola milioni 1 kwa kila ndege iwapo mafunzo hayo yangehitajika. Ukiwa na ahadi ya namna hiyo mfukoni, hutaki kitabu cha marubani kiwe na sura mpya. Na kweli hakikuwa nayo. Marubani wengi walilisikia jina la MCAS kwa mara ya kwanza baada ya ajali ya kwanza.

Kazi ya MCAS ilikuwa hivi. Kwenye ubavu wa pua ya ndege kuna kipande kidogo cha chuma kinachozunguka, kama kile kibendera cha kuonyesha upepo juu ya paa. Hupima pembe kati ya bawa na hewa inayolijia. Pembe hiyo ikizidi mno, bawa hushindwa kubeba na ndege huporomoka. Kihisi hiki kikisema pembe imezidi, MCAS ilisukuma bawa dogo la mkiani ili pua ishuke. Nikiiandika kwa namna ambayo mwandishi yeyote wa programu ataielewa (si programu yao halisi, ni muhtasari wangu):

kama pembe imezidi kikomo
na flapu zimefungwa
na otopailoti imezimwa
basi shusha pua digrii 2.5

Ikishamaliza, rubani akigusa swichi ya kuipandisha pua, ilingoja sekunde 5 kisha ikaanza upya. Tena digrii 2.5, tena kuanzia pale ilipoachwa. Angalia hapo. Digrii 2.5 zilikuwa kikomo cha kila mara, si kikomo cha jumla. Programu haikukumbuka kwamba ilikwisha kufanya hivyo. Sisi hupenda sana programu zisizokumbuka, ni rahisi kuzipima. Lakini mtu anayesukumwa mara 20 na kitu kisichokumbuka anapambana na adui asiyechoka.

Na hapa ndipo jambo lililonifanya niandike. MCAS haikuzaliwa hivyo. Muundo wa kwanza ulikuwa wa hali moja tu, kona kali kwenye mwendo wa kasi, na ulidai mambo mawili yatokee pamoja: pembe izidi, na mzigo wa mvutano unaoikandamiza ndege uwe mkubwa. Vihisi vya aina mbili tofauti. Na uwezo wake ulikuwa kusogeza bawa la mkia digrii 0.6 tu. Baadaye kwenye majaribio wakaona ndege ina tabia ileile kwenye mwendo wa polepole, ambako huwezi kutegemea kipimo cha mzigo. Basi sharti la mzigo likaondolewa, na kwa kuwa kwenye mwendo mdogo mkia hauna nguvu nyingi, digrii zikaongezwa hadi 2.5.

Soma tena. Mashahidi walikuwa wawili, akabaki mmoja. Mamlaka yakaongezwa zaidi ya mara nne. Hata huyo shahidi aliyebaki alikuwa na pacha wake upande wa pili wa pua, maana 737 ina vihisi viwili vya pembe, lakini MCAS ilisikiliza kimoja tu katika kila safari. Cha pili kilikuwepo, kinapima, kinasema ukweli, na hakuna aliyekiuliza.

Hakuna programu ya kupima msimbo duniani ambayo ingeshika hilo. Mpime mwandishi kwa waraka aliopewa: kila mstari uko sawa. Tatizo lilikuwa ndani ya waraka.

Tarehe 29 Oktoba 2018 ndege ya Lion Air iliondoka Jakarta. Kihisi chake cha kushoto kilikuwa kimetengenezwa upya na kufungwa kikiwa kimepotoka kwa digrii 21. Tarakilishi haikujua. Ilishusha pua, rubani akainua, ikashusha, akainua, zaidi ya mara 20. Watu 189. Usiku uliotangulia, ndege hiyohiyo ikiwa na tatizo hilohilo ilitua salama kwa kuwa marubani walikata umeme wa bawa la mkia, na kulikuwa na rubani wa tatu kwenye kiti cha ziada akiwasaidia kuona kinachoendelea. Nahesabu hivyo: ili kuushinda mtambo ule ulihitaji vichwa vitatu, na sheria inadai viwili.

Miezi minne baadaye ikawa zamu yetu. Ndege iliondoka Addis Ababa saa 2:38 asubuhi. Mara tu baada ya kuinuka, kihisi cha kushoto kiliruka hadi digrii 74.5 huku cha kulia hakikuzidi 15.3. Digrii 74.5! Ndege ya abiria yenye pembe hiyo haiwezi kuwa inapaa. Mtoto wa kidato cha pili anayejifunza kuandika programu ya kuhesabu alama za mtihani huambiwa akatae alama ya 140 kati ya 100. Lakini hakuna aliyeandika kwamba namba isiyowezekana ikataliwe, basi haikukataliwa. Marubani walikata umeme wa mkia kama walivyoelekezwa baada ya Lion Air, wakajaribu kuzungusha gurudumu la mkono, lakini kwa kasi ile halikuzunguka. Wakarudisha umeme. Dakika 6 tangu kuondoka, ndege ilikuwa shambani karibu na Bishoftu.

Wachunguzi wa Ethiopia walisema kihisi kiliharibiwa na hitilafu ya umeme. Wa Marekani na Ufaransa wakasema kuna dalili kiligongwa na kitu, huenda ndege wa porini. Mabishano hayo yana maana kwa mawakili. Kwangu mimi hayana. Mtambo unaohitaji ndege wote wa angani wakae mbali na kipande cha chuma cha ukubwa wa kiganja haukuwa mtambo wa kupewa mkia wa ndege ya abiria.

Nitoe na upande wa pili, maana kosa halisi la programu lilikuwepo kwenye 737 MAX. Kulikuwa na onyo la kumwambia rubani kwamba vihisi viwili vya pembe havikubaliani. Lilitakiwa liwe kwenye kila ndege. Lakini programu iliyoletwa na muuzaji wao ilikuwa imelifunga na kioo kingine cha ziada ambacho mashirika yalikinunua kwa hiari, hivyo asiyekinunua onyo halikumfanyia kazi. Boeing walilijua hilo mwaka 2017, kabla ya ajali zote mbili, wakaamua litarekebishwa kwenye toleo la baadaye. Hili ndilo kosa la aina tunayoifahamu, liliandikwa mahali, likapewa tarehe, likasubiri. Lenyewe halikuangusha ndege. Lakini lingesema, wakati kile kingine kinatenda.

Na kosa jingine halisi, ili tupime vizuri. Mwaka 2015 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani ilitangaza kwamba Boeing 787, ikiachwa na umeme bila kuzimwa kwa siku 248 mfululizo, tarakilishi zote zinazosimamia jenereta zake zingeweza kujizima kwa pamoja, hata ikiwa angani. Chukua namba kubwa kabisa ya biti 32 yenye alama, ihesabu kama sehemu za mia za sekunde, ugawe: siku 248 na nusu. Kila mmoja wetu anaweza kusema ni nini kilichofurika. Ndege hiyo tunaijua, Kenya Airways walipokea ya kwanza mwaka 2014. Kosa liligunduliwa kwenye majaribio ya maabara, dawa ya muda ikawa kuzima na kuwasha (ndiyo, kama simu ya mama), kisha programu ikarekebishwa. Kosa la aibu kabisa la kitabu cha kwanza cha programu, halikumuua mtu. Programu isiyo na kosa iliua 346.

Wakati wa vilio vya 2019 walizuka watu wa makundi mawili, na wote nawapinga.

Kundi la kwanza lilisema tatizo ni tarakilishi yenyewe: iondolewe, rubani apewe usukani wake. Sisi Wakenya ndio watu wa mwisho wa kusema hivyo. Mkumbuke Douala, tarehe 5 Mei 2007. Ndege ya Kenya Airways, 737-800, iliondoka usiku wa manane kwenye mvua. Rubani alidhani otopailoti imeshika. Haikuwa imeshika. Ndege ikaanza kulalia kulia polepole, polepole kiasi kwamba mwili wa binadamu hausikii gizani. Mtambo ulisikia. Ukapiga kelele kwamba ndege imelala kupita kiasi. Rubani akavuruga usukani, ndege ikaingia kwenye mikoko na watu 114 wakafa. Pale aliyejua ukweli alikuwa mashine, na hakuwa na mamlaka yoyote zaidi ya kusema.

Kisha rudi nyuma hadi Abidjan, tarehe 30 Januari 2000. Airbus A310 ya Kenya Airways inaondoka usiku kuelekea baharini, mbele ni giza tupu. Sekunde chache baada ya kuinuka, onyo la kuporomoka linalia. Onyo la uongo. Ndege ilikuwa inaruka vizuri. Rubani msaidizi, aliyekuwa ameshika usukani, akashusha pua kama mtu yeyote aliyefundishwa kuogopa kuporomoka. Mtambo mwingine uliokuwa na kazi ya kuwaonya kwamba wanaikaribia ardhi ulinyamazishwa, kwa sababu utaratibu wa sauti uliipa kipaumbele kengele ya kuporomoka. Shahidi mwongo akapewa kipaza sauti, shahidi mkweli akazibwa mdomo. Kati ya watu 179 walipona 10.

Abidjan na Bishoftu ni ndugu, na sijui kwa nini hatuzitaji pamoja. Zote mbili: ndege nzima imeondoka, imebeba watu wetu, na chombo kinadai inaporomoka wakati haiporomoki. Mwaka 2000 chombo kilisema na mtu akatenda. Mwaka 2019 chombo kilijisemea na kikatenda chenyewe. Katikati kuna miaka 19 ambayo kila mwenye kazi hii angeweza kusoma ripoti ya Abidjan.

Kwa hiyo hoja yangu si kuondoa mashine wala kuiongeza. Ni kwamba kadiri chombo kinavyopewa mamlaka zaidi ya kutenda, ndivyo kinavyopaswa kudaiwa ushahidi zaidi. Kengele inaweza kulia kwa ushahidi wa kihisi kimoja, ikikosea inaudhi (na wakati mwingine, kama Abidjan, inafanya zaidi ya kuudhi). Lakini mkono unaoshika mkia wa ndege usisogee kwa neno la shahidi mmoja. Hata mahakama zetu hazifanyi hivyo kwa mwizi wa kuku. Sawa, labda kwa mwizi wa kuku hufanya.

Wala msinielewe vibaya mkadhani kuongeza idadi kunatosha. Roketi ya Ariane 5 ya kwanza, tarehe 4 Juni 1996, ilikuwa na mitambo miwili ya kujua mwelekeo wake, mmoja wa akiba. Yote miwili ilibeba programu ileile iliyorithiwa kutoka Ariane 4. Roketi mpya ilikuwa na kasi kubwa zaidi ya mlalo, namba ya biti 64 ikakataa kuingia kwenye nafasi ya biti 16, ambayo mwisho wake ni 32,767. Mtambo wa akiba ukafa kwanza, na sehemu ndogo ya sekunde baadaye ule mkuu ukafa vilevile. Ukiwa unakufa ukatuma ujumbe wa hitilafu, na tarakilishi kuu ikausoma ujumbe huo kana kwamba ni mwelekeo wa roketi, ikageuza injini, na roketi ikapasuka chini ya sekunde 40 tangu injini kuwashwa. Na sehemu ile ya programu haikuwa na kazi yoyote baada ya roketi kuondoka ardhini! Iliachwa iendelee kwa sababu kwenye Ariane 4 ilifaa. Mashahidi wawili waliosoma kwa mwalimu mmoja ni shahidi mmoja.

Airbus A330 ina vihisi vitatu vya pembe. Tarehe 7 Oktoba 2008, ndege ya Qantas ikiwa angani karibu na Australia ilichomoka ghafla pua chini, mara mbili, watu wakagonga dari. Mtambo mmoja ulikuwa unatoa namba za uongo zinazoruka, na kanuni ya kuchuja namba ilikuwa na mwanya: uongo ukija mara mbili kwa kupishana sekunde 1.2 hivi, wa pili ulipita. Wengi waliumia, hakuna aliyekufa, ndege ikatua. Mamlaka ya kile kilichotenda yalikuwa na mipaka, na marubani waliweza kuyashinda.

Kundi la pili ndilo linalonigusa mfukoni. Katikati ya 2019 zilienea habari kwamba Boeing walikuwa wakiwapa kazi waandishi wa programu wa kandarasi, wengine wa kampuni za India, kwa dola 9 kwa saa. Mtandaoni kila mtu akawa jaji: hiyo ndiyo sababu. Boeing wenyewe walisema watu hao hawakuhusika na MCAS. Na hata bila kauli hiyo, fikiri: waraka mbaya ukipewa mtu wa dola 9 au mtu wa dola 150, programu itakayotoka ni ileile. Aliyeondoa sharti la mzigo hakuwa kibarua wa Chennai. Maamuzi yale yalifanywa na wahandisi wa mishahara mizuri ndani ya kampuni iliyounda 747. Wapo vijana wengi hapa Nairobi wanaoishi kwa kazi za kutumwa kutoka ng'ambo, na sipendi kuona kila janga likitupwa mlangoni pao kwa sababu ya bei ya saa zao.

Lakini basi tusijifiche humo humo. Kinga yetu sisi wa kandarasi ni ipi? "Niliandika kama nilivyoambiwa." Kuna mtu mmoja niliwahi kumfanyia kazi ya mtambo wa kupandisha maji kwenye tangi. Waraka wake: kihisi kikisoma sifuri, washa pampu. Nikamuuliza, waya ukikatwa na panya, kihisi kitasoma nini? Sifuri. Pampu itawaka mpaka lini? Akanijibu kwamba hilo si swali la mwandishi wa programu, nifanye yaliyoandikwa. Tulibishana siku mbili juu ya mistari minne ya kuizima pampu baada ya muda fulani. Hiyo ni tangi ya maji, kwenye ghorofa, na mbaya zaidi ni ngazi kulowa.

Nani ndani ya Boeing aliweza kubishana siku mbili? Kamati ya Bunge la Marekani iliyochunguza jambo hili ilitoa ripoti Septemba 2020. Ndani yake kuna rubani wa majaribio wa Boeing ambaye mwaka 2012, kwenye simuleta, alichukua zaidi ya sekunde 10 kuitambua MCAS iliyowaka bila sababu, na akaona hali hiyo ni ya maafa. Hesabu zao za usalama zilitegemea rubani wa kawaida atambue na kujibu ndani ya sekunde chache tu. Yaani jibu lilikuwa limekwisha kupatikana miaka 6 kabla ya Lion Air. Halikufika kwenye waraka.

Ulimwengu wa avioniki una kiwango cha kuandika programu kiitwacho DO-178, toleo la C ni la mwaka 2011. Kinagawa programu madaraja kuanzia A, ambayo ikikosea ndege huangamia, hadi E ambayo haina athari. Nimeona wenzangu wakikitaja kwa mshangao, kana kwamba ni maji ya baraka. Ni kiwango kizuri, laiti benki zetu zingetumia nusu yake. Lakini kinachodai ni kwamba programu ilingane na mahitaji, na kila hitaji lipimwe. Ubaya wa hitaji lenyewe ni kazi ya hatua ya juu zaidi. Na daraja la kupewa hutegemea mtu kukadiria madhara, na MCAS ilikadiriwa chini ya daraja la maafa kwa sababu rubani alihesabiwa kama sehemu ya dawa. Rubani ambaye hakuambiwa ugonjwa upo.

Marekebisho yalipokuja, ndege ziliruhusiwa kuruka tena Marekani Novemba 2020. Na marekebisho ya MCAS ni nini? Inasikiliza vihisi vyote viwili, vikitofautiana kwa digrii 5.5 au zaidi inanyamaza. Inatenda mara moja tu kwa tukio moja. Na haiwezi kushusha pua kuliko rubani anavyoweza kuinua kwa kuvuta usukani. Nimeambiwa na watu kwamba ni teknolojia ya hali ya juu. Ni masharti matatu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeyaandika alasiri moja, kama kungekuwa na mtu wa kumwambia ayaandike.

Nina ombi kwa mafundi wa avioniki pale Embakasi, najua wawili watatu wenu husoma hapa. Ningependa kujua ni mara ngapi huwa mnakitoa kile kibendera cha pembe kwa sababu ya hitilafu, na kinapotolewa huwa kimeharibika vipi: kimepinda, kimeingia maji, waya umelegea, au kimegongwa na ngazi ya kupandia. Ripoti za ajali hueleza viwili vilivyoangusha ndege. Mimi nataka habari za vile vingine vilivyodanganya na ndege ikatua. Niandikieni, sitataja jina wala mwajiri.